Namna ya Kufundisha Hisabati ya Awali ya Kalkulasi kwa Wanachuo wa Biashara na Uchumi: Mwongozo Kamili kwa Wakufunzi wa Mwanza

Mwanachuo wa mwaka wa kwanza anaweza kukokotoa x² − 5x + 6 = 0 bila kusita, akapata 2 na 3. Mpe habari ya mama anayeuza dagaa, ambaye bei ikipanda wateja wanapungua, kisha muulize mama huyo auze kwa bei gani apate faida kubwa kabisa. Kalamu inasimama. Hesabu ni ya aina ileile, na kanuni anayoihitaji anayo kichwani.

Wakufunzi wengi wanaofundisha somo hili kwenye vyuo vya biashara wanalalamika vivyo hivyo: "Darasani walielewa, kwenye testi wakaanguka, sasa nusu yao wana sapu." Kisha wanarudi nyuma kufundisha seti na tafsiri za fanksheni kwa kirefu zaidi, na testi inayofuata matokeo hayabadiliki.

Nionavyo, wanachuo hawa wanakwama sehemu mbili: pale habari inapotakiwa kugeuzwa kuwa mlinganyo, na pale jibu linapotakiwa kurudishwa kuwa habari. Hesabu iliyo katikati ndiyo tunayoifundisha sana, nayo ndiyo isiyowasumbua sana. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila mada inaanza na shilingi na kuishia na shilingi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya wiki ya kwanza

- Karatasi za grafu na rula kwa kila mwanachuo. Usikubali grafu za kuchora kwa mkono mtupu kwenye daftari la mistari. Kilele cha parabola hakionekani humo.
- Vikokotoo vya sayansi, mfano Casio fx-991 au vingine vya daraja hilo. Wasiokuwa navyo watumie cha simu baada ya kukigeuza kwenye hali ya sayansi.
- Programu ya kuchora grafu ya GeoGebra kwenye simu chache, simu moja kwa kila kundi la watu 4 au 5. Ikishapakuliwa inafanya kazi hata bando likiisha.
- Risiti za EFD zinazoonyesha VAT. Waambie kila mmoja alete moja.
- Jedwali la kodi ya mshahara la TRA la mwaka husika.
- Ratiba ya marejesho ya mkopo wowote halisi, majina na namba za akaunti zikiwa zimefutwa.
- Daftari dogo la kila mwanachuo la kuandikia maneno ya mtihani. Mtihani huja kwa Kiingereza, na wengi wanaufikiria kwa Kiswahili. Kila dhana unayoifafanua kwa Kiswahili, iandike ubaoni kwa jina litakalotokea kwenye pepa, nao wanakili hapohapo.

## Hatua ya 1: Pima msingi kabla ya kugusa mada

Darasa lako limechanganyika. Wa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) walisoma Hisabati ya juu kidato cha 5 na cha 6, na wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) walisoma BAM, yaani Basic Applied Mathematics. Wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) wameishi miaka miwili bila kugusa hesabu, na waliopitia cheti na diploma kila mmoja ana historia yake. Ukifundisha kwa kubahatisha wastani wao, utawakosa wote.

Toa maswali 10, dakika 20, bila kikokotoo na bila alama za kozi. Weka haya ndani yake:

- 3/4 − 1/6
- (−3)² na −3², yakiwa pamoja kwenye mstari mmoja
- 5 − 2(x − 3) = 1, tafuta x
- 18% ya 250,000
- Fungua mabano: (a + b)²
- Rahisisha 2³ × 2⁴

Sahihisha usiku huohuo, na unaposahihisha andika makosa badala ya maksi. Utaona makosa machache yanayojirudia: alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano imesahaulika, (a + b)² imekuwa a² + b², na sehemu zimejumlishwa juu kwa juu na chini kwa chini.

Tahadhari. Usisome majina ya waliofeli mbele ya darasa. Wengi wao wamebeba F ya Hisabati tangu kidato cha 4, na aibu ndogo siku ya kwanza inatosha kumfanya mtu akae nyuma muhula mzima.

Ukifanikiwa utaona orodha fupi ya makosa ambayo utayarekebisha kidogo kidogo ndani ya mada, dakika 10 kila kipindi. Usitenge wiki 3 za "kurudia msingi". Wanaojua wataacha kuja, na wasiojua hawataona marudio hayo yanawahusu nini.

## Hatua ya 2: Ifanye asilimia iwe kuzidisha

Wakufunzi wengi wanaipita hatua hii kwa kudhani ni ya shule ya msingi. Usiipite, kwa sababu riba, kodi, punguzo na fanksheni za vipeo vyote vimeegemea hapa.

Wanachuo wamezoea kuiona asilimia kama kitu cha kukokotoa pembeni, kisha kujumlisha au kutoa. Wafundishe kwamba kuongeza 18% ni kuzidisha kwa 1.18, na kupunguza 20% ni kuzidisha kwa 0.80. Kisha wape risiti ya EFD yenye jumla ya shilingi 118,000 pamoja na VAT, uwaulize bei ilikuwa ngapi kabla ya kodi.

Wengi watatafuta 18% ya 118,000, wapate 21,240, watoe, waandike 96,760. Usiwasahihishe papo hapo. Waambie waongeze 18% juu ya jibu lao waone kama linarudi 118,000. Halirudi. Hapo ndipo uandike 118,000 ÷ 1.18 = 100,000. Wakati huohuo umeshawafundisha fanksheni kinyume: f(x) = 1.18x inapeleka, y ÷ 1.18 inarudisha.

Endelea na risiti hiyohiyo kwa fanksheni mbili zinazofuatana. Bidhaa ni ya 100,000 kabla ya kodi, na duka linapunguza 5,000. Punguzo likitangulia kodi, mteja analipa 95,000 × 1.18 = 112,100. Kodi ikitangulia, analipa 118,000 − 5,000 = 113,000. Tofauti ni shilingi 900. Sasa badilisha punguzo liwe 10% badala ya 5,000, waone kwamba tofauti inapotea, na waeleze kwa nini. Atakayesema "kuzidisha mara mbili hakujali kipi kimetangulia, lakini kutoa na kuzidisha kunajali" ameelewa mada ambayo kwa herufi tupu ingemchukua wiki.

## Hatua ya 3: Tambulisha fanksheni kwa hesabu ya bodaboda

Fanksheni ni kanuni inayopokea namba moja na kutoa jibu moja tu. Maelezo hayo yanatosha kuanzia. Tafsiri kamili ya vitabuni ilete baada ya mifano, wakati wanachuo wana kitu cha kuifunga nayo.

Chukua kijana anayeendesha bodaboda ya bosi kutoka Buhongwa. Kila siku anapeleka hesabu ya 10,000. Kwa wastani kila safari inamwingizia 1,500, na mafuta ya safari moja ni 300. Namba hizi ni za mfano tu. Darasa lako litazibishia na kukupa za kweli, nawe uzipokee. Kinachobaki mfukoni kwake baada ya safari x ni:

y = 1,200x − 10,000

Uliza maswali haya kwa mfuatano huu. Asubuhi kabla ya safari ya kwanza, y ni ngapi? Ni −10,000: ameamka na deni. Hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa y, na namba hasi imepata maana. Safari moja zaidi inaongeza kiasi gani? 1,200, na huo ndio mteremko. Anaanza kula jasho lake kwenye safari ya ngapi? 10,000 ÷ 1,200 ni 8.33.

Hapa simama, kwa sababu hakuna safari ya 8.33. Kwenye safari ya 8 bado anadaiwa 400, na kwenye ya 9 ana 800 yake. Jibu ni 9. Waulize pia x inaweza kuwa −3? Inaweza kuwa 500 kwa siku moja? Majibu yao ndiyo thamani zinazoruhusiwa kuingia kwenye fanksheni, na wamezipata wenyewe kwa kuijua kazi ya bodaboda.

Sababu ya kuanza hapa. Mteremko na mahali pa kukata mhimili ndizo nguzo za uchumi wote watakaousoma baadaye, kuanzia gharama mpaka mahitaji. Mwanachuo akizijua kama m na c za y = mx + c tu, mwaka wa pili atashindwa kuzitambua zikija kwa majina mengine.

Ukifanikiwa utaona mwanachuo anasema "kila safari inaongeza 1,200" badala ya "mteremko ni 1,200". Kipimo kimeingia kwenye sentensi.

## Hatua ya 4: Wapeleke sokoni, kisha chora mistari miwili

Wagawe makundi, kila kundi liende soko moja: Mwaloni Kirumba kwa samaki na dagaa, Mlango Mmoja kwa nguo na bidhaa nyingine, au soko lililo karibu na hosteli zao. Kazi yao ni kurudi na mambo matatu: gharama ambazo mfanyabiashara analipa hata asipouza kitu, gharama ya kila kipimo kimoja, na bei ya kuuzia.

Tahadhari. Wasiende Mwaloni asubuhi wakati mzigo unashuka na wanunuzi, wakiwemo wa kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, wako kwenye mapatano. Waende mchana, mambo yakipoa. Waanze na "Shikamoo mama", wajitambulishe, waeleze ni kazi ya chuo, na wanunue japo kidogo. Wasiulize "unapata faida kiasi gani?" Swali hilo linafunga mazungumzo, kwani wengi watadhani ni watu wa kodi. Wakipata gharama na bei, faida wataikokotoa wenyewe.

Kwa ubaoni tumia mfano mmoja wenye namba nzuri. Mfanyabiashara anapeleka dagaa Dodoma. Pango na vibali ni 240,000 kwa mwezi. Kila gunia analinunua 80,000. Usafiri, ushuru na vibarua ni 12,000 nyingine. Anauza 100,000.

Gharama: C = 240,000 + 92,000x
Mapato: R = 100,000x

Mistari inakutana pale 8,000x = 240,000, yaani x = 30. Chini ya magunia 30 kwa mwezi anapata hasara, juu yake faida.

Lazima wachore kwa mkono kabla ya GeoGebra. Kosa litakalotokea ni la vipimo vya mhimili: mtu anaweka 1, 2, 3 kwenye mhimili wa y wakati namba zinafika milioni 3, kisha anasema mistari haikutani. Wafundishe kuandika "maelfu ya shilingi" pembeni ya mhimili. Mstari wa gharama nao uanzie 240, usianzie sifuri. Ukiona mtu ameuanzisha sifuri, muulize pango nani amelipa.

## Hatua ya 5: Parabola, na tofauti ya mapato na faida

Hapa tulia. Ukiwa na vipindi viwili, tumia vyote viwili.

Rudi kwa mama anayeuza dagaa kwa sado. Akiuza 5,000 anatoa sado 60 kwa siku. Kila akipandisha bei kwa 500, mauzo yanapungua kwa sado 5. Usiwape mlinganyo. Waambie watengeneze jedwali kwanza: 5,000 ni 60; 5,500 ni 55; 6,000 ni 50. Kisha waulize ni mstari gani unaopita hapo. Watafika kwenye:

q = 110 − p/100

Hii ndiyo hatua inayowashinda kwenye mitihani, kwa hiyo iendeshe polepole. Kila 500 inapunguza 5, maana yake kila 100 inapunguza 1. Wakishindwa, rudi kwenye jedwali. Usirukie kanuni ya mstari unaopita nukta mbili. Wataikariri na kuisahau.

Mapato ni bei mara idadi: R = p(110 − p/100). Usifungue mabano kwanza. Ukiyaacha hivi, grafu inajionyesha yenyewe inakokata mhimili: p = 0, kwa sababu ukigawa bure hupati kitu, na p = 11,000, kwa sababu kwa bei hiyo hanunui mtu. Parabola ina pande mbili zinazolingana, basi kilele kiko katikati kabisa: 5,500. Hapo anauza sado 55, mapato ni 302,500.

Mbinu hii ya katikati ya mikato miwili naipenda kuliko kanuni ya −b/2a, kwa sababu mwanachuo anaiona kwa macho. Kanuni ije baadaye, kwa parabola zisizokata mhimili.

Sasa uliza: "Kwa hiyo mama auze 5,500?" Darasa zima litasema ndiyo. Mwache mmoja aulize gharama. Asipotokea, uliza wewe. Kila sado inamgharimu 4,000. Faida ni:

F = (p − 4,000)(110 − p/100)

Mikato ni 4,000 na 11,000, katikati ni 7,500. Kwa bei hiyo anauza sado 35 tu na mapato yanashuka hadi 262,500, lakini faida ni 3,500 × 35 = 122,500. Akiuza 5,500, faida yake ni 1,500 × 55 = 82,500. Anafanya kazi kubwa zaidi, anashika fedha nyingi zaidi, anabaki na kidogo zaidi.

Waache wabishane. Watasema wateja watakimbia, jirani atauza rahisi, dagaa hawatoki kwa 7,500. Hoja hizo zote ni za kweli, na zote zinahusu kama mlinganyo wa mahitaji umeandikwa sawasawa. Mwanachuo anayebishia mlinganyo kwa sababu za kibiashara ameanza kuwa mchumi, na unapaswa kumwambia hivyo mbele ya wenzake.

Tahadhari. Wapo watakaoandika F = R − 4,000, wakitoa gharama ya sado moja tu. Kagua kila daftari kwa kosa hili.

Ukifanikiwa utaona kila mmoja anaweza kuchora parabola mbili kwenye karatasi moja na kuonyesha kwa kidole kwa nini vilele vyake haviko mahali pamoja.

## Hatua ya 6: Gharama ya wastani

Hii ni fupi kwa sababu mfano tayari unao. Gawanya gharama ya magunia kwa x:

92,000 + 240,000/x

Gunia 10: wastani 116,000. Gunia 30: 100,000. Gunia 60: 96,000. Gunia 240: 93,000. Wastani unashuka ukiikaribia 92,000 bila kuifikia, na hiyo 92,000 ndiyo asimptoti. Waulize kwa nini kwenye gunia la 30 wastani umelingana na bei ya kuuzia. Kipindi kikiisha kabla ya jibu, liwe kazi ya nyumbani.

## Hatua ya 7: Kodi ya mshahara kwa fanksheni ya vipande

Fanksheni ya vipande ndiyo mada ambayo wanachuo wanaiona kama adhabu: mabano makubwa, masharti, alama za ukubwa na udogo. Kumbe wengi wataishi ndani ya fanksheni ya namna hiyo maisha yao yote ya ajira.

Kwa Tanzania Bara, viwango vya kodi ya mshahara kwa mwezi ambavyo darasa litavikuta kwenye jedwali viko hivi (kila mwaka wa fedha vilinganishe na jedwali jipya la TRA):

- Mpaka 270,000: hakuna kodi
- Juu ya 270,000 mpaka 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000
- Juu ya 520,000 mpaka 760,000: 20,000 na 20% ya kinachozidi 520,000
- Juu ya 760,000 mpaka 1,000,000: 68,000 na 25% ya kinachozidi 760,000
- Juu ya 1,000,000: 128,000 na 30% ya kinachozidi 1,000,000

Kipato kinachoingizwa humu ni kile kilichobaki baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi wanasahau.

Anza na 900,000: kodi ni 68,000 + 25% ya 140,000, yaani 103,000. Kisha leta imani iliyoenea mtaani, kwamba ukipandishwa mshahara kidogo ukaingia daraja la juu, mkononi unabaki na pungufu. Wakokotoe kodi ya 760,000, ni 68,000. Wakokotoe ya 760,100, ni 68,025. Ameongezwa 100, amekatwa 25, amebaki na 75 zaidi. Grafu haina mruko mahali popote. Inapinda tu, inakuwa kali zaidi.

Wape kazi ya kuthibitisha kwamba 20,000, 68,000 na 128,000 hazikuokotwa hewani: 8% ya 250,000 ni 20,000, ongeza 20% ya 240,000 unapata 68,000, ongeza 25% ya 240,000 unapata 128,000. Hapo wameelewa maana ya grafu isiyokatika bila kusikia neno moja la nadharia.

Ukifanikiwa utaona mwanachuo anamweleza mzazi wake mwajiriwa makato ya kwenye hati yake ya mshahara. Mimi huwapa hiyo iwe kazi ya wikiendi, na hakuna kazi wanayoifanya kwa moyo zaidi.

## Neno kuhusu kusahihisha

Hili huwezi kuliahirisha mpaka mwisho wa muhula. Kuanzia testi ya kwanza, tenga maksi kwa mambo matatu: mlinganyo uliotokana na habari, hesabu, na sentensi ya mwisho yenye kipimo. Swali la maksi 10 lipewe 4, 3 na 3. Jibu la "x = 30" peke yake lisipate maksi za mwisho. "Auze magunia zaidi ya 30 kwa mwezi ili apate faida" lipate.

Wiki ya kwanza watalalamika. Shikilia msimamo, maana wanachuo wanasoma kile kinacholipwa maksi.

## Hatua ya 8: Vipeo na logi kupitia mkopo

Mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya 3% kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mtaji wa mwanzo tu, baada ya miezi 12 bila marejesho deni ni 1,360,000. Riba ikizaa riba, ni 1,000,000 × 1.03¹², karibu 1,425,761. Wachore zote mbili: moja ni mstari, nyingine inapinda kwenda juu. Kwa sababu ulifanya Hatua ya 2, hakuna atakayeuliza 1.03 imetoka wapi.

Logi usiitambulishe kwa kanuni zake. Uliza swali lisilojibika bila hiyo: deni litafika mara mbili baada ya miezi mingapi? Waache wabahatishe kwa kikokotoo. 1.03²³ ni 1.974, 1.03²⁴ ni 2.033. Jibu liko kati ya 23 na 24. Sasa waambie kuna kitufe kinachouliza swali hilohilo: namba hii ipandishwe kwa kipeo gani ili tupate ile?

log 2 ÷ log 1.03 ≈ 23.45

Riba ikiongezwa mwisho wa mwezi, deni linavuka mara mbili mwezi wa 24. Waonyeshe pia njia ya haraka ya 72: gawanya 72 kwa asilimia ya riba, 72 ÷ 3 = 24. Inakaribia vizuri kwa riba ndogo, na inawasaidia kukagua kikokotoo.

Tahadhari tatu. Log ya (a + b) haiwi log a + log b; waonyeshe kwa 10 na 10, ambapo log 20 ni kama 1.301 lakini log 10 + log 10 ni 2. Pili, log 2 ÷ log 1.03 siyo log ya (2 ÷ 1.03). Tatu, vikokotoo vingi ukiandika −3² bila mabano vitakupa −9. Kosa la Hatua ya 1 hujirudia hapa.

Namba e (karibu 2.718) iingie kwa kubadilisha mara za kuhesabu riba. Milioni 1 kwa 12% kwa mwaka: riba ikihesabiwa mara moja ni 1,120,000, kila mwezi, 1,126,825, kila siku, karibu 1,127,475. Haipandi bila mwisho, inaelekea 1,000,000 × e^0.12, karibu 1,127,497. Dakika 15 zinatosha.

## Hatua ya 9: Trigonometria kwa kiasi

Kama mtaala wa chuo chako unaitaka, ifundishe, lakini kwa wanachuo hawa shika jambo moja tu: kitu kinachojirudia kwa muda maalumu. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, kwa hiyo mavuno hupungua kila mwezi unapojaa na kurudi kipindi cha giza. Mzunguko ni kama siku 29.5. Wachore mavuno ya miezi mitatu kwa kukadiria, waonyeshe kipindi, kilele na bonde. Kanuni za sine na cosine (identities) za kurasa tatu waachie wa uhandisi.

## Hatua ya 10: Wafikishe mlangoni pa kalkulasi

Rudi kwenye sado za dagaa, lakini sasa bei iandikwe kwa idadi: p = 11,000 − 100q. Mapato ni R = 11,000q − 100q². Mpe kila kundi mstari mmoja wa jedwali hili:

- Sado 34: mapato 258,400
- Sado 35: mapato 262,500
- Sado 36: mapato 266,400

Sado ya 35 imeongeza 4,100. Sado ya 36 imeongeza 3,900. Kila sado inagharimu 4,000. Waulize: auze ya 35? Auze ya 36? Watajibu bila kanuni yoyote, na jibu lao la 35 ni lilelile walilolipata kwenye kilele cha parabola.

Kisha waandike ongezeko la mapato kutoka 35 mpaka 35 + h, ligawanywe kwa h. Hapa ndipo (a + b)² ya Hatua ya 1 inapodaiwa. Wakifungua mabano sawasawa watapata:

4,000 − 100h

Weka h = 1, ni 3,900. Weka h = −1, ni 4,100. Waambie waweke 0.1, kisha 0.01, wakiandika kila jibu chini ya lingine, na wasome kwa sauti namba inayoelekewa, kisha gharama ya sado moja. Kipindi kinachofuata ni cha mwalimu wa kalkulasi.